Kengele ya Kimya

Ngano yangu iko mlangoni. Niiingize?

"Iingize!"

Ina meno.

"Tutaishika taratibu!"

Haya, kaeni vizuri. Na wewe uliyenyoosha miguu hadi jikoni, ikunje, wengine wapite.

Zamani, zamani sana, watu na wanyama walipokuwa bado wanasemezana, ukingoni mwa msitu palikuwa na mwindaji jina lake Katembo. Alikuwa na mke, na binti mmoja aitwaye Biira, mtoto aliyempenda kuliko macho yake. Siku moja mama mkwe wake alimletea mbwa.

Mbwa mwenyewe alikuwa mdogo, mwekundu kama udongo wa kichuguu, miguu myeupe, masikio wima, mkia umejikunja juu ya nyonga. Kwenye paji la uso alikuwa na makunyanzi kama mzee aliyeulizwa swali gumu. Alijilamba mwili mzima kama paka, hata harufu hakuwa nayo. Na habweki. Ndiyo maana aliitwa Kimya.

"Mkwe wangu," akasema yule mama, "mbwa wa aina hii ni wa tangu babu wa babu zetu. Mambo yake ni matatu tu. Hapendi mvua, kwa hiyo alale ndani, karibu na moto. Hapigwi, maana akipigwa hasahau. Na mkienda kuwinda mvike kengele hii ya mti. Njiani izibe kwa nyasi ili wanyama wasisikie. Ukishamwachia, toa nyasi, usikie aliko."

"Nimesikia, Mama," akasema Katembo.

Kusikia alisikia.

Kimya alisema na watu, ila kwa sauti ya chini, ya kusikiwa na aliye karibu tu. Siku ya kwanza alimwambia Katembo, "Bwana, sauti yangu ni ndogo. Ile ya kufika mbali iko kwenye kengele."

Wakawinda pamoja, nyama ikapatikana. Shida ilikuwa majirani. Mbwa wao walibwekea wageni, walibwekea kuku, walibwekea hata jani likianguka. "Katembo," walimtania, "huyo wako kameza ulimi?" Katembo alicheka nao, lakini moyoni ilimchoma.

Chui alisikia yote akiwa kichakani. Alikuwa akimtamani yule mbwa, na alitamani zaidi ya mbwa. Lakini kila alipomnyemelea Kimya, kengele ililia, na kengele ikilia mkuki wa Katembo haukuwa mbali. Akakaa akawaza.

Mchana mmoja Chui akajilaza ng'ambo ya kijito, makucha kayaficha. "Jambo, mwindaji. Mbwa wako ni mzima kabisa, ila mmemdekeza. Alalaye motoni abweke ili iweje? Mtoe nje."

Katembo akaona ni kweli. Akamtoa Kimya nje, mvua ikanyesha siku tatu. "Bweka, Kimya, bweka," akamwambia.

Mbwa akatetemeka. "Bwana, sauti yangu ni ndogo. Ile ya kufika mbali iko kwenye kengele."

Katembo akarudi kijitoni. Chui akatikisa kichwa kwa huruma ya uongo. "Huyo ni mkaidi. Mchape fimbo tatu, utamsikia."

Katembo akashika fimbo. Moja. "Bweka, Kimya, bweka." Mbili. "Bweka, Kimya, bweka." Tatu. Kimya alimtazama tu, makunyanzi yamekaza.

Kuanzia siku ile, Katembo akipiga hatua moja kumwendea, mbwa alirudi nyuma tatu. Akaacha kabisa kusema naye. Aliyebaki naye ni Biira. Biira ndiye aliyemkausha kwa kanga kuukuu ya mama yake, akamgawia ugali wake, akajifunza uso wake. Makunyanzi yakilegea, mambo shwari. Yakikaza, mbele kuna kitu.

Mara ya tatu Katembo alipofika kijitoni, Chui akacheka. "Ah, kumbe kosa ni kengele! Inamsemea. Kesho ukimwachia, usitoe nyasi. Akikosa wa kumsemea, atafungua kinywa mwenyewe."

Katembo akaona hiyo ndiyo akili. Msinitazame mimi hivyo, mimi nasimulia tu.

Asubuhi wakaingia msituni. Biira alifuata na kikapu chake, anatafuta uyoga. Katembo akatega wavu, akamwachia mbwa, nyasi akaziacha ndani ya kengele. Akatega sikio asikie mbweko.

Hakusikia kitu.

Akangoja. Hata ndege walikuwa wamenyamaza. Akaita, "Biira!" Hakuitikiwa. Hapo ndipo alipojiuliza swali ambalo angepaswa kujiuliza tangu siku ile ya kijito: Chui ananisaidia ili apate nini? Akakimbilia kulia, akarudi, akakimbilia kushoto. Msitu ni mkubwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuziba mdomo.

Tumwache huko akihangaika, twende kwa mtoto.

Biira alikuwa ameinamia uyoga chini ya mti. Alisikia baba akiita, lakini kabla hajaitika Kimya alitokea akasimama mbele yake. Makunyanzi yamekaza, masikio mbele, macho juu. Biira akafuata yale macho. Juu ya tawi kulikuwa na mkia wenye madoa, unaning'inia, unacheza.

"Usikimbie," akasema Kimya kwa sauti yake ndogo. "Ukikimbia ataruka. Mimi nitamtazama, asiruke. Wewe toa nyasi."

Vidole vya Biira vikaingia kwenye kengele. Nyasi zilikuwa zimeshindiliwa. Akavuta kidogo. Chui akasogea. Akavuta tena. Chui akakunja miguu ya nyuma. Mbwa hakupepesa jicho, wala hakuiondoa shingo yake mikononi mwa mtoto. Akavuta mara ya tatu, nyasi zikatoka zote.

Kimya akatikisa shingo. Ko-ko-ko! Ko-ko-ko!

Katembo akaisikia. Hajawahi kukimbia vile. Mkuki ulimtangulia yeye mwenyewe kufika, ukampata Chui begani akiwa hewani. Chui akaanguka, akanyanyuka, akachechemea hadi vichakani. Toka huko akasema, "Mimi sikuigusa kengele ile hata siku moja, mwindaji."

Katembo akamkumbatia mtoto wake akalia. Kisha akamnyooshea mbwa mkono. "Kimya, nisamehe."

Kimya akarudi nyuma hatua tatu.

Katembo alimrudisha ndani, akamtandikia karibu na moto. Fimbo aliivunja. Wakaendelea kuwinda hadi mbwa akazeeka, na kila walipoingia msituni Katembo alitoa nyasi mapema kuliko mwindaji yeyote. Jioni aliuliza, "Kimya, umeshiba?" Mbwa akamjibu Biira. Kengele Katembo aliisikia miaka yote. Sauti ile ndogo hakuisikia tena.

Ngano inatufundisha hivi: uliye naye mfahamu kwa namna alivyo, usimtese ili afanane na wa jirani. Na anayekushauri umwumize aliye wako, muulize kwanza yeye anapata nini.

Niliyoiingiza nimeitoa. Fungeni mlango.

"Tumefunga!"