Nakundwa Aliyekalia Kisima

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona mnaitika kama mnaumwa meno? Sogeeni huku motoni. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo zamani za kale, chini ya mlima, palikuwa na kijiji chenye kisima kimoja. Maji yalipopungua, watu wa kijiji hicho walikuwa na dawa moja tu: kuchimba zaidi. Walichimba, wakachimba, wakachimba. Kila kiangazi alichaguliwa mwanamume mmoja, akapigiwa ngoma, akashushwa kwa kamba ya katani, jembe mkononi. Mwaka huo zamu ikamwangukia Senzighe, mume wa Nakundwa.

Siku saba kabla ya ngoma, Nakundwa alikwenda kuteka. Akavuta kamba mpaka viganja vikawaka moto. Kibuyu kikapanda na tope, chumvi na chura.

"Mama, usinirudishe!" chura akalia. "Nimeyafuata maji, yakashuka. Nimeyafuata, yakashuka. Nimeyafuata, yakashuka. Kuta zinamwaga mchanga huko chini. Atakayeshuka na jembe hapandi tena."

Nakundwa akaogopa, akaogopa hasa, maana alimpenda yule mwanamume. Lakini hakukaa kulia. Alijifunga kibwebwe, akapanda mlimani hadi ulikopita mto, ukienda zake upande wa pili.

"Ee Mto, njoo kwetu."

"Sina jembe mimi," mto ukajibu. "Nichimbie njia ya kuteremka, nitakuja."

Akarudi mbio kwa Mzee Mndeme, mlinzi wa kisima.

"Shikamoo, babu. Mto umekubali kuja."

"Marahaba. Mto? Wa nini? Kisima hiki walituachia mababu. Mwenye kisima haombi maji ya kuletwa."

Basi akachimba mfereji peke yake. Wapita njia wakamcheka: "Nakundwa, unamchimbia nani kaburi?"

"Kaburi mnalo nyinyi, mnalipigia ngoma," akajibu, wala hakuinua kichwa.

Siku ya saba ngoma zikalia, na mfereji ulikuwa bado hatua mia kufika kijijini. Senzighe amekwisha kufungwa kamba kiunoni. Nakundwa akaja, tope mpaka magotini, akaketi juu ya mdomo wa kisima, pwaa!

"Inuka!" akasema Mzee Mndeme.

"Siinuki."

"Nimesema inuka!"

"Siinuki."

"Inuka, mwanamke, unatuua kwa kiu!"

"Siinuki, babu! Kisima kimechoka, ndicho kitakachotuua. Zimebaki hatua mia tu. Tukichimba wote, jioni tunakunywa."

Senzighe akainama, akamnong'oneza: "Mke wangu, unaniaibisha. Wataniita mwoga."

"Wakuite! Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi kilio sikitaki nyumbani kwangu."

Senzighe akachungulia kisimani. Akasikia mchanga ukimwagika, chwaa, chwaa. Akafungua kamba, akachukua jembe, akashika njia ya mferejini. Wapiga ngoma wakatazamana. Ngoma bila mchimbaji ni ngoma ya nini? Wakamfuata, na kijiji chote nyuma yao. Mzee Mndeme peke yake akabaki pale, amenuna, mgongo kawapa.

Wakachimba. Jua likiwa bado halijazama, maji yakaingia: kwanza povu na majani makavu, halafu yenyewe, baridi, hayana hata chembe ya chumvi. Watu wakajitupa chini kunywa.

Hapo ardhi ikaguna. Kisima kikaporomoka, kuta, mdomo na vyote, vumbi likafunika kijiji. Mzee Mndeme alirukia kando, akaanguka kifudifudi. Alipoinuka hakuona mtu. Wazee huwa wabishi, lakini mioyo wanayo. Akasahau ubishi wake wote, akasahau hata kwamba Senzighe hakushuka, akapapasa vumbini akiita huku analia:

"Senzighe! Senzighe! Senzighe!"

"Niko hapa, babu," sauti ikatoka mferejini. "Nakunywa."

Hadithi yangu naitua hapo hapo, na aliyeshikwa na kiu akanywe.