Gunia la Hulda

Huko Kansas, enzi za reli mpya, Bwana Pruitt alikuwa na ghala pekee la kununulia ngano kituoni, pamoja na duka la mbegu, na ngano ya kila mkulima aliipa daraja la tatu, lenye bei ya chini kabisa. Bei hiyo ingemnyang'anya mjane Hulda shamba lake. Akashusha gunia moja ghalani.

Pruitt alitafuna punje, akatema. "Takataka, mama. Daraja la tatu."

"Una hakika, bwana?"

"Miaka kumi natafuna ngano!"

"Basi andika, utie sahihi."

Akaandika kwa madaha, foleni nzima ya wakulima ikitazama.

Hulda akamwaga ngano, akaligeuza gunia ndani nje. Muhuri wa Pruitt ukaonekana: MBEGU BORA, DARAJA LA KWANZA.

"Niliinunua dukani kwako jana. Sasa utupimie upya, au sote turudishe mbegu ulizotuuzia?"

Pruitt akatafuna punje za mkulima aliyefuata. Safari hii alimeza.