Kindi na Neno "Karibu"

Hapo kale sana, wanangu, wanyama walipokuwa na barabara zao na askari wao, Kindi alikuwa akisukuma mkokoteni, kwichi, kwichi, kwichi! Juu alipakia majani makavu. Chini ya majani walijibanza vifaranga wa Mama Kanga, aliyemsihi awafikishe kwa bibi yao, maana Fisi alishaanza kuizungukazunguka nyumba yake.

Na kizuizini kasimama nani? Fisi yuleyule, kavaa kofia ya uaskari!

Moyo wa Kindi ulimwenda mbio. Kinga yake ilikuwa sheria tu: hakuna wa kupekua mali ya mwenziwe mpaka mwenyewe atamke "karibu". Na Nyati, mkuu wa kizuizi, alikuwa palepale, kanuna kwa sababu chumvi yake imeibwa. Kufikiri kulimchosha Nyati, lakini sheria aliishika, na pembe zake zilijulikana.

"Ngo, ngo, ngo!" Fisi aligonga mkokoteni. "Hodi!"

Neno lilimfika Kindi kwenye ncha ya ulimi. Akajing'ata. "Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unakwenda mbali?"

"Hapana, ni ka..." Jasho likamtoka. "Ni hapo tu."

"Hii hii hii! Kama hukuficha kitu, unaogopa nini?"

"Naogopa sana, afande. Ila sikubali."

"Chi!" kifaranga mmoja akalia.

"Chya! Chya!" Kindi akajifanya anapiga chafya. "Vumbi hili, afande!"

Fisi akainama, pua ikinusa majani. "Haya, ahsante kwa kunijibu vizuri," akasema, sikio kalitega.

"Haya, afande."

"Basi utakaa hapahapa mpaka ulimi uteleze!" Fisi akaingia kibandani mwake kumalizia nyama yake.

Lakini Fisi alipoinama kunusa majani, Kindi alikuwa ameona chembe nyeupe kwenye sharubu zake. Chumvi? Au ni unga tu? Akikosea, kwisha habari ya wale watoto. Nyuma yake majani yakatikisika tena.

Akanyata mpaka mlangoni, akabana sauti kama kibibi kizee. "Hodi wenyewe!"

"Karibu!" Fisi akajibu, mdomo umejaa.

Nyati akainua kichwa. "Nimesikia. Kasema karibu. Ingia upekue."

"Sivyo, mkuu! Nilitaka kusema karibu nishibe!"

Kindi alishaingia kibandani na kufunua mkeka. Gunia la chumvi ya Nyati hilo, limebaki nusu!

"Mbuuu!" Nyati akainamisha pembe. Fisi akatoka mbio, vumbi timtim, kofia ikabaki mlangoni.

Kindi akasukuma mkokoteni wake. Hakupumua vizuri mpaka alipofika kwa bibi Kanga.

"Hodi!"

"Karibu!" akaitika bibi, na vifaranga wote wakachomoka kwenye majani.

Wanangu, anayekuomba ruhusa amekwisha kukiri kwamba unaweza kumkatalia.