Fanusi Tatu za Vuai

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo amejibu na mhogo mdomoni? Meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sogeeni, lakini wewe mwenye kanga ndefu rudi nyuma kidogo, usije ukaungua kabla sijaanza. Leo sina mzaha. Haya ninayowasimulia yananitetemesha mpaka leo, na mimi si mtu wa kutetemeka ovyo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwajibu, palikuwa na mji ukiitwa Kigaeni. Nyumba zake zote zilikuwa za makuti, zimebanana hata jirani akikohoa unampa pole bila kuinuka kitandani. Kwa hiyo watu wa Kigaeni waliuogopa moto, na walikuwa na mila yao. Ukienda kuomba moto kwa jirani, anakutilia kaa ndani ya kigae, anafunika kwa kigae kingine, kisha anakufuata nyuma hatua kwa hatua mpaka kaa hilo liingie mekoni mwako. Awe na unga mikononi, atakufuata. Awe na mtoto mgongoni, atakufuata. Hata mvua ikimiminika, atakufuata. Na asubuhi watu hawakuulizana wameamkaje. Waliulizana, "Moto wako umelala wapi?" Na mtu alijibu, "Umelala mekoni, nimeuona."

Walikuwa na mila nyingine pia. Mwanamke akijifungua, alikaa ndani siku arobaini, na mlango ukafungwa kwa nje kwa kufuli la mti, asije akaingia mwenye jicho baya. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na mume aliufunga kiunoni.

Sasa katika mji huo alikuwako Vuai, fundi wa tiara, vile vishada vya karatasi vinavyorushwa kwa uzi. Tiara zake zilipaa kuliko za wote, naye alijua hivyo, na alihakikisha kila mtu anajua. Mkewe, Mwanakombo, alikuwa amezika watoto watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa nne akaishi. Alikuwa msichana, wakamwita Siti. Jamani, furaha ya Vuai! Alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka tena.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na msufi mkubwa, na ndani ya tundu la msufi aliishi Hondohondo na mkewe. Mnamjua hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kama amebeba jembe. Mkewe akitaka kutaga huingia tunduni, na tundu huzibwa kwa udongo, ukabaki upenyo mwembamba wa kupitisha mdomo. Mle ndani manyoya yake hunyonyoka, hawezi kuruka. Mume humlisha kwa upenyo ule, tini kwa tini, mpaka makinda yakue.

Basi wanawake wawili walikuwa wamefungiwa, mmoja nyumbani, mmoja mtini. Mchana mke wa Hondohondo aligonga mti, ko, ko, ko, na Mwanakombo akagonga ukuta, ko, ko, ko. Hivyo ndivyo walivyojuliana hali.

Siku moja Vuai akasema, "Wanangu watatu waliokufa hawajamwona ndugu yao. Nitawapelekea habari." Katika safari zake alikuwa ameona fanusi za karatasi zinazopaa zenyewe. Akakunja waya duara, akaunganisha fito za mwanzi, akavika karatasi nyembamba, na katikati akaweka bonge la sufi, ile pamba ya msufi, lililoloa mafuta ya nazi. Fanusi tatu, jioni tatu, moja kwa kila mtoto.

Jioni ya kwanza, jua limetoka kuzama, watu wakakusanyika uwanja wa ngoma, ng'ambo ya kijito. Hondohondo akatua juu ya ngoma.

"Jirani," akasema, "tiara yako ina uzi. Hii uzi wake uko wapi?"

"Haihitaji uzi."

"Na moto huo nani ataufuata?"

"Upepo utaufuata! Upepo naujua mimi, jirani. Unavuma kwenda porini."

"Unaujua mpaka pale uzi wako unapoishia," akasema Hondohondo. "Juu ya hapo naujua mimi."

Watu wakacheka. Vuai akawasha sufi, fanusi ikajaa joto, ikapaa. Loo! Watu wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, wakasema imekuwa nyota. Asubuhi Hondohondo akauliza kama mila inavyotaka, "Vuai, Vuai, moto wako umelala wapi?"

"Umelala mbinguni," akajibu Vuai.

Mchana huohuo ng'ombe wa Bi Raya, mkubwa wa mji, akarudi malishoni akiyumba, damu inamtoka mdomoni. "Nimekula majani," akasema kwa taabu, "majani yamenikata koo." Bi Raya akatia mkono kooni mwake, akavuta, akavuta, akavuta, akatoa waya. Ng'ombe alikuwa na mimba. Akapiga magoti, hakuinuka tena, na ndama akafia tumboni.

Vuai aliuona waya ule, akaujua. Mnadhani alisema? Wapi! Bi Raya alipoutupa, akauokota, akaunyoosha kwa jiwe, akaukunja tena duara. Ndiyo, waya uleule! Na msiniangalie hivyo, mimi sikuwa Vuai.

Jioni ya pili Mwanakombo akasema kutoka ndani, "Baba Siti, leo tena?"

"Leo tena, mama Siti."

"Nani anaufuata moto huo?"

"Wewe lea mtoto," akamjibu, akaenda zake.

Fanusi ya pili ikapaa. Makofi, vigelegele, nyota! Asubuhi Hondohondo akauliza, "Vuai, Vuai, moto wako umelala wapi?"

"Umelala mbinguni."

Kabla hajamaliza kusema, wakasikia mayowe. Shamba la mtama la upande wa kilimani lilikuwa jeusi lote, la mji mzima, chakula cha masika mazima. Watu wakaenda, wakasimama wameshika vichwa. Bi Raya akauliza, "Moto huu wa nani?" Wakapita nyumba kwa nyumba, jiko kwa jiko. Kila moto ulikuwa mahali pake na mwenyewe amesimama karibu nao.

Hapo ndipo watu walipoogopa kweli. Nyinyi hamwelewi, mmezoea. Lakini watu wale hawakuwahi kuona moto usio na mwenyewe. Bi Raya akakaa chini kwenye majivu, akarudia, "Wa nani? Wa nani?"

"Labda radi," akasema Vuai.

Wakatazama juu. Kilikuwa kiangazi, na mbingu nzima haikuwa na hata kipande cha wingu. Vuai akatazama vidole vya miguu yake.

Je, aliacha? Angeacha tungekuwa tumeshakwenda kulala. Usiku ule alijiambia kwamba wawili wameshapata habari, na yule wa tatu, mdogo wao, atasikiaje? Namwonea huruma hapo, sikatai. Lakini hasira yangu ni kubwa kuliko huruma.

Jioni ya tatu Hondohondo alikuja na tini mdomoni, akaiweka chini ili aseme.

"Jirani, mke wangu amefungiwa, na wako amefungiwa. Ukienda vibaya moto huu, nani atawafungulia?"

"Ufunguo ninao hapa," akasema Vuai, akapiga kiuno.

"Na moto huo nani ataufuata?"

"Ah! Ufuate wewe, basi!"

Akawasha, akaachia. Ngoma zikalia. Na Hondohondo, masikini, akaufuata kweli. Akapanda nao, wakapita kimo cha tiara, wakapita kimo cha uzi, wakafika kule anakokujua yeye. Chini upepo ulikuwa ukienda porini. Juu ulikuwa ukirudi mjini. Fanusi ikageuka polepole, ikavuka kijito, ikavuka kisima, ikavuka uwanja wa Bi Raya. Karatasi ikashika moto ubavuni. Ikaanguka juu ya paa la Vuai.

Hondohondo akatazama makuti, akatazama msufi. Udongo wa tundu lake ulikuwa mgumu kama jiwe, mdomo wake ungehitaji nusu siku kuubomoa. Uwanjani kulikuwa na watu mia wenye mikono, na mmoja wao alikuwa na ufunguo. Akawaza, watu wote wakija, wataokoka wote, wa nyumbani na wa mtini. Akageuka, akaruka kwa nguvu zote, akajibwaga katikati ya ngoma.

"Vuai! Moto wako unalala juu ya mwanao!"

Wee! Ngoma ikakatika. Vuai akakimbia, watu wakakimbia, viatu vikabaki uwanjani. Walipofika, paa lilikuwa linanguruma, na ndani Mwanakombo anagonga mlango kwa mikono miwili. Vuai akaingiza ufunguo, ukateleza. Akaingiza tena, ukateleza. Mara ya tatu ukashika. Mwanakombo akatoka akikohoa, nywele zimeungua, na Siti kamkunja tumboni ndani ya kanga mbichi. Mtoto akalia. Watu wakapumua.

Wakapumua, ndiyo. Mwanakombo peke yake hakupumua. Alitega sikio, akasikiliza, akapiga kelele, "Na yule wa mtini? Hagongi! Baba Siti, hagongi!"

Wakageuka. Nyumba ilipoporomoka cheche zilikuwa zimerukia msufi, na mlikwisha kuona sufi ikiungua? Vitumba vilipasuka kimoja kimoja, pamba inaruka inawaka, mti mzima umesimama unawaka kuanzia juu. Wakamwaga maji, wakatupa mchanga. Vuai akachukua shoka, akapanda katika moshi ule, ngozi ya mikono inamtoka, akapiga udongo wa tundu, akapiga, akapiga, ukavunjika.

Akashuka taratibu, amebeba kitu katika shati lake. Alikuwa yule mama, hana manyoya hata ya kumpeleka hatua moja, mbawa zake tupu amezitandaza. Chini ya mbawa palikuwa na makinda mawili. Wote watatu walikuwa wamekufa.

Watu walisimama midomo wazi kama waliosahau kuifunga. Walidhani Hondohondo atalaani. Hakulaani. Alitua mbele ya Vuai, akauliza kwa sauti ileile ya kila asubuhi, "Vuai, Vuai, moto wako umelala wapi?"

Vuai akainua uso. Akatazama juu kule alikokuwa akikutaja. Kisha akapiga magoti, akaweka shati chini.

"Umelala kwako, jirani," akasema. "Ni wangu. Na wa mtama ulikuwa wangu. Na waya ulikuwa wangu."

Bi Raya alisikia, akafunika uso kwa kanga.

Usiku kucha Vuai alikaa chini ya kisiki kirefu kilichobaki cha msufi, mikono imefungwa majani ya mgomba, akiufuata moto wake mpaka ulale, kama mila ya kwao. Na kulipokucha Hondohondo akaja, ana tini mdomoni. Akaenda moja kwa moja mahali palipokuwa na upenyo, akainyoosha tini, akangoja ipokelewe. Akangoja. Akangoja. Mwanakombo akagonga kisiki kidogo kwa kidole, ko, ko, ko, ili Hondohondo asiwe peke yake.

Hadithi yangu imelala hapo, nami nimeiona ikilala. Nyinyi nendeni mkalale. Nipeni kata ya maji, moto huu niliuwasha mimi, siondoki mpaka uzime.