Zamu ya Ombeni

Wahenga waliposema mchelea mwana kulia hulia yeye, hawakumlaumu mtoto. Mtoto kulia ni ada yake. Waliyemlenga ni mzazi, yule ambaye machozi ya mwanawe humchoma kuliko makosa ya mwanawe. Mzazi wa namna hiyo hudhani amekizuia kilio, kumbe amekiahirisha tu, nacho kilio kilichoahirishwa hukua kama jipu lililofunikwa kitambaa.

Veronika alikuwa mzazi wa namna hiyo, ingawa Ombeni hakumzaa. Mdogo wake alifariki na kuacha kitoto cha kunyonya. Veronika, ambaye Mungu hakumjalia kupata wake, alikifunga mgongoni akarudi nacho kwa mumewe Yotamu, katika kijiji cha wakulima wa mpunga pembezoni mwa bonde la Usangu. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Ombeni, na jina hilo likampendeza kuliko lile la ubatizo.

Alimlea kama mboni ya jicho lake. Msimu mmoja Ombeni alitumwa kuamia ndege katika shamba la jirani, akaenda kuogelea mferejini. Kwelea kwelea walishuka kama wingu, wakaumaliza mpunga wa watu. Yotamu alishika fimbo, lakini Veronika akasimama katikati yao.

"Nikimwacha alie, mama yake huko aliko ataniuliza nini?" alisema.

Yotamu aliitupa fimbo, akaenda yeye mwenyewe kuomba radhi kwa jirani. Ombeni alikula chakula chake cha jioni kama kawaida, akalala.

Kijana alikuwa na kichwa chepesi cha kusoma. Alifaulu darasa moja baada ya jingine hadi akahitimu udaktari, na bahati ikamrudisha kufanya kazi katika kituo cha afya cha kata yao. Siku alipofika, kwaya nzima ilikwenda kumlaki. Veronika alitembea shingo juu kama twiga, na hakuna aliyemwonea wivu, maana kijiji kizima kilimwita Ombeni mtoto wetu.

Kituo kile kilikuwa na madaktari wawili waliopokezana zamu za jioni, Jumapili na sikukuu. Aliye zamu alitakiwa kuwa karibu ili akiitwa afike. Lakini Ombeni alikuwa amepata kibarua cha pembeni katika zahanati ya mtu binafsi huko Makongolosi, kwa wachimbaji wa dhahabu, mwendo wa saa nyingi kutoka kijijini. Zamu zake za Jumapili akawa anazifanya kwa simu. Manesi walijua, ila waliogopa. Wanakijiji hawakujua, na Veronika pia hakujua, mpaka ilipofika Jumapili moja ya masika.

Walikuwa wametoka kanisani. Yotamu, ambaye kwa miaka mingi alisumbuliwa na vidonda vya tumbo, alishika ubavu ghafla, akaanguka kizingitini. Majirani walimbeba kwa bodaboda hadi kituoni. Nesi wa zamu, Apolonia, alimlaza, akagusa tumbo lake, akakunja uso. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Akampigia daktari simu, akaiweka kwenye spika ili mikono yake ibaki kwa mgonjwa.

"Daktari, ni mzee Yotamu. Tumbo limekakamaa, jasho linamtoka. Naomba uje, au uniruhusu niite gari la wagonjwa apelekwe Mbeya."

"Mzee wangu huyo," sauti ya Ombeni ilijibu. "Vidonda vyake vya siku zote. Mchome sindano ya maumivu, apumzike. Nitamwona kesho."

Nyuma ya sauti ile Veronika alisikia mngurumo wa makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Hapo kijijini hapakuwa na karasha hata moja. Alielewa mwanawe alikuwa wapi. Akaendelea kumfuta Yotamu jasho.

Walingoja. Apolonia alipiga simu tena, haikupokelewa. Kulipopambazuka Yotamu alikuwa hatambui mtu, ndipo nesi alipoita gari la wagonjwa bila idhini ya yeyote. Huko Mbeya, kwenye hospitali ya rufaa, alipasuliwa haraka. Kidonda kilikuwa kimetoboka na uchafu umesambaa tumboni. Daktari aliyempasua alimwita Veronika pembeni.

"Mama, mzee atapona, ila nguvu za zamani hazitarudi. Huyu alipaswa kufika hapa jana. Nani alimwona huko mlikotoka?"

"Daktari wa zamu."

"Alimwona kwa macho?"

"Kwa simu."

"Basi una haki ya kulalamika kwa mganga mkuu wa wilaya," daktari alisema. "Mimi siwezi kukulazimisha. Lakini kesho ataletwa mwingine, na huenda huyo asifike."

Ombeni alifika wodini siku ya tatu. Hakuweza kumtazama Yotamu usoni. Alimwomba Veronika watoke nje, na huko uani, mbele ya watu waliokuwa wakianika nguo za wagonjwa, akapiga magoti. Machozi yalimtiririka kama alivyokuwa mtoto.

"Mama, ukisema neno nimekwisha. Nisamehe. Sitarudia."

Veronika aliyafuta machozi yale kwa upindo wa khanga yake. Aliporudi ndani, Yotamu alikuwa macho.

"Amekuomba unyamaze?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Amejuta, baba. Nimemwona."

"Tumbo lililopasuliwa ni la nani?"

"Lako."

"Mimi simtakii jela. Nataka akae mbele ya wakubwa zake aseme alikuwa wapi Jumapili ile. Aone haya. Mtu asiyeona haya haachi."

"Ataharibikiwa, Yotamu. Kazi ya kwanza hii. Kanisa zima lilimchangia ada."

Ombeni alikuwa damu ya mdogo wake Veronika, na maisha yake yote Yotamu aliuheshimu mpaka huo: neno la mwisho juu ya kijana lilikuwa la mkewe. "Haya," alisema. "Umezoea kusimama katikati. Simama."

Waliporudi kijijini, Apolonia alikuja kuwajulia hali. Alipotoka, Veronika alimsindikiza hadi njia panda. Huko nesi akasema lililomleta.

"Mama, siyo mzee peke yake. Wapo wengine, ila wao walibahatika. Mimi nikisema, watasema nesi ana chuki na daktari. Ukisema wewe uliyemlea, watasikia. Twende wote wilayani."

"Sista, yule ameniahidi."

"Ameniahidi na mimi. Zaidi ya mara moja."

"Basi mpe muda. Na nakuomba kwa jina la Mungu, usinitangulie."

Apolonia alirudi kituoni. Hakumtangulia.

Muda ukapita. Ombeni alituliza miguu kwa majuma machache, akamletea Yotamu matunda na blanketi zito, kisha Makongolosi ikamvuta tena. Veronika aliona nyumba ya kijana imefungwa kila mwisho wa juma. Alimuuliza mara moja tu, akajibiwa kuwa kuna semina. Aliupokea uongo ule kama mtu anayepokea sarafu ya bandia huku akijua, kwa kuwa aliyempa ni mtu wake.

Ikafika Nanenane, sikukuu ya wakulima. Nusu ya kijiji ilikuwa imekwenda maonyeshoni Mbeya, daktari wa pili akiwamo. Asubuhi ile Mbuke, mama wa Kisukuma ambaye jamaa zake walihamia bondeni na ng'ombe wao zamani, alimleta binti yake Regina kituoni kujifungua. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mtoto alikwama. Kituo kilikuwa na chumba cha upasuaji, kilikuwa na vifaa, kilikuwa na damu kwenye jokofu. Kilichokosekana ni daktari wa zamu, na daktari wa zamu alikuwa Ombeni.

Alipopokea simu alisema, "Mimba ya kwanza huchukua muda. Msubirini." Apolonia hakukubali safari hii. Aliita gari la wagonjwa, nalo lilikuwa limepeleka mgonjwa mwingine mbali. Lilipofika, jua lilikuwa limeanza kushuka. Regina alikata roho barabarani, kabla hata milima ya Mbeya haijaonekana, na mtoto wake tumboni.

Budeba, mume wa marehemu, hakupiga kelele. Alimzika mkewe, kisha akapanda basi hadi wilayani akashtaki. Haukupita mwezi, kamati ikaja kuketi kituoni, na wanakijiji wakaitwa kusikiliza. Ombeni alisimama katika koti lake jeupe, akajitetea kwa ufasaha.

"Kushauriana kwa simu ni kawaida," alisema. "Nimehudumia hivyo muda mrefu bila lalamiko hata moja. Hata baba yangu mlezi nilimhudumia vivyo hivyo. Mama yangu yule pale. Muulizeni kama alilalamika."

Macho yote yalimgeukia Veronika. Mwenyekiti wa kamati akamwomba asimame.

"Ni kweli, mama? Hukulalamika?"

"Sikulalamika."

"Kwa kuwa mzee alitibiwa vizuri?"

Upande wa pili wa chumba aliketi Mbuke, mikono mitupu mapajani.

"Kwa kuwa ni mwanangu," alisema Veronika. Ndipo akayatoa yote: tumbo lililokuwa gumu, mngurumo wa makarasha, magoti ya uani, na jinsi yeye mwenyewe alivyomfunga nesi mdomo kwa jina la Mungu.

Watu walipotawanyika, Mbuke alimngoja mlangoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake kilikuwa kizito.

"Mama Ombeni, wa kwako ulimsamehe. Sawa, ni wa kwako. Kwa niaba ya wa kwangu nani alikutuma umsamehe?"

Mbuke alimpita. Tangu siku hiyo wakikutana kisimani Mbuke huteka maji yake na kuondoka, kana kwamba pale pamesimama kisiki.

Ombeni alinyang'anywa leseni, na shauri lake likapelekwa mahakamani. Alipokuja kuchukua mizigo yake, Veronika alimwandalia chakula. Hakukigusa.

"Mama," alisema akiwa amesimama, "kwa nini hukunishtaki mara ya kwanza?"

"Ulipiga magoti, mwanangu. Ulilia."

"Ningelia zaidi kidogo. Wangenipa onyo, wangenihamisha. Ningekuchukia mwaka mmoja, kisha ningekuwa mtu. Sasa nimeua."

"Uliniomba."

"Niliomba kwa sababu ulinizoesha kuwa nikilia napewa."

Alibeba begi lake akaondoka bila kuaga. Yotamu, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka kwa kuwa tumbo halikumruhusu kukaa sana, aliyasikia yote. Veronika alijikunyata kando ya chakula kinachopoa, akaangua kilio kilichosikika hadi kwa majirani, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao mumewe hakunyoosha mkono kumnyamazisha. Angeambiwa nini mwanamke yule? Alimwonea huruma kijana asimwage machozi ya siku moja mbele ya wakubwa zake, na sasa nyumba mbili zimevaa msiba, na wa kwake hauna hata kaburi la kuendea. Hakika, mchelea mwana kulia hulia yeye.