Nafasi Moja kwenye Pikipiki

Sogeeni karibu, maana leo mahakimu ni nyinyi. Walikuwepo watu watatu walioandika programu za kompyuta katika ofisi moja ya afya. Salha alikuwa na jicho la kuona kinachokosekana. Kapufi aliweza kusoma kazi ya mwingine bila kumtukana. Nyamizi alijua kufupisha. Wote walikuwa wageni mjini, na kila Jumapili kila mmoja alikula chumbani kwake akitazama ukuta.

Programu yao ilichagua wagonjwa wa kutembelewa nyumbani na muuguzi. Kila aliyewahi kupita ofisini hapo alikuwa ameingiza "kama" yake, yaani swali la kuchuja wagonjwa, ndani ya "kama" nyingine, zikafika kumi na moja. Kama ana simu. Ndani yake, kama anapokea. Ndani yake tena, kama... nisiwachoshe. Ya mwisho kabisa, huko ndani, iliuliza kama mgonjwa anaishi peke yake.

Salha alipekua kadi za zahanati moja moja, akainua moja. "Huyu Bi Zuwena ana kidonda cha mguu, na wiki ya tisa hii hajatembelewa." Bila yeye, hakuna ambaye angejua.

Kapufi alizifuata zile "kama" kwa penseli siku tatu. "Bibi hana simu," alisema. "Anakwama kwenye swali la kwanza. Lile la kuishi peke yake hata halimfikii." Bila yeye, wangeijua shida wasijue ilipo.

Nyamizi alikataa kuongeza ya kumi na mbili. Alizitoa zote nje, akafuta zisizohitajika, akazipanga zilizobaki moja chini ya nyingine: amefariki, ishia hapa; amehama, ishia hapa; anaishi peke yake, atembelewe. Zikabaki tatu. Bila yeye, wangemwokoa bibi na kumpoteza mwingine.

Muuguzi Tunu akaenda, akaukuta mguu bado unatibika. Aliporudi alisema, "Bibi anamtaka aliyemkumbuka. Aje wale pamoja kila Jumapili. Anasema amechoka kula peke yake."

Kila mmoja aliutamani mwaliko ule mpaka akaona haya kuwatazama wenzake.

Usiniambie waende wote, nakujua. Pikipiki ya Tunu inabeba abiria mmoja, na huko hakuna usafiri mwingine. Kapufi alipendekeza wapokezane, Tunu akapeleka ujumbe, bibi akakataa. "Watu wa kuja na kupita nimewachoka," alisema.

Sasa Jumapili imefika, Tunu anasubiri mlangoni, na bibi ameshaandaa sahani mbili. Je, wewe ungempandisha nani? Na wale wawili wanaobaki, ungewaambia nini?