Dole la Zamoyoni

Sogeeni karibu, na mwenye jibu lake tayari alikalie kwanza. Hadithi hii ina watu watatu wenye vipaji vitatu, na nyote mtataka kunisikia nikiwasifu wao. Mimi naanza na wa nne, kwa sababu yeye ndiye mwenye hadithi na yeye ndiye watu humruka.

Zamoyoni alikuwa na miaka thelathini na mbili. Kipaji chake kilikuwa ukili, ule mkanda wa majani ya miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Aliusuka ukawa sawa mwanzo hadi mwisho, na gulioni watu waliitambua mikeka yake kabla hawajamwona yeye. Tangu utotoni akili yake ilikua taratibu kuliko ya wenzake, na maneno yalimjia machache, moja moja. Mambo mawili yalimshinda: jiko la mkaa, kwa kuwa moto ulimtisha, na kuvuka barabara kuu, kwa ajili ya pikipiki. Mengine alijiweza. Kuoga alijiogea tangu ana miaka minane. Hilo la kuoga lishikeni.

Sasa hao watatu. Bi Somoe, jirani yake, kipaji chake kilikuwa kungoja. Shekiondo, mpiga picha za pasipoti, kipaji chake kilikuwa jicho. Siwema, muuza uji, kipaji chake kilikuwa mdomo, na hata mgambo wa soko walipita mbali naye.

Mama yake Zamoyoni alipofariki, chama kimoja pale mjini kikakubali kumpa msaidizi wa saa chache kila siku. Kanuni ya chama ilikuwa juu kabisa ya fomu, kwa herufi nzito: anayesaidiwa ndiye anayesema asaidiwe nini, lini, na nani. Kanuni nzuri kabisa. Hakuna aliyemsomea.

Siku ya kikao alikuja afisa wa chama, Bwana Ndimbo, na mjomba wake Zamoyoni, Mzee Kibindo. Wakakaa kwenye mkeka aliousuka Zamoyoni, wakanywa chai.

"Anaoga mwenyewe?" afisa akauliza.

"Huyu?" Mjomba akasema. "Ataweza wapi. Andika aogeshwe, alfajiri, kabla watu hawajaamka."

Zamoyoni alikuwa ameketi hapo hapo, goti lake linagusa goti la mjomba. Akakifunika kikombe chake kwa kiganja. Wakadhani chai imemtosha. Kisha Mjomba akamshika mkono, "Lete kidole, mwanangu," akalichovya dole gumba la mpwa wake kwenye wino na kuligandamiza kwenye karatasi, kama mtu anayegonga muhuri wa posta. Mpango ukawa wa mwaka mzima.

Basi kila alfajiri akawa anakuja mwanamke mgeni na ndoo na sabuni, anamvua nguo mtu mzima na kumsugua mgongo. Mtu mzima, nasema, anayejua kuoga. Saa ya kupika ikifika, mgeni keshaondoka, na Zamoyoni anashinda na muhogo mbichi. Wiki ya tatu akaacha kusuka. Ukili ulining'inia ukutani pale pale alipokomea. Na watu wakasema, mnaona, hali yake inazidi kuwa mbaya.

Bi Somoe ndiye aliyeuona ukili ule. Akaja na birika, akamimina chai, akauliza, "Mwanangu, unataka kuogeshwa?" Wengine wote walipomuuliza kitu Zamoyoni, walijijibu wenyewe kabla hajavuta pumzi. Bi Somoe aliuliza akanyamaza. Chai ikapoa. Zamoyoni akakifunika kikombe. "Basi unataka nini?" Akanyamaza tena, mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia miguuni. Zamoyoni akakisogeza kikombe mbele, akasema, "Moto." Baadaye kidogo akasema, "Barabara." Hivyo Bi Somoe akajua: kikombe kikifunikwa ni hapana, kikisogezwa ni ndiyo, na mengine yanataka muda.

Shekiondo alipoyasikia akasema maneno mawili hayatamshibisha afisa. Akachukua kamera. Akapiga picha ya jiko, ya barabara, ya ndoo, ya saa ya ukutani mchana na alfajiri, na sura za wanawake wanne waliokuwa tayari kumsaidia. Akamtandikia Zamoyoni zote sakafuni. Zamoyoni alizipanga asubuhi nzima, na hakuharakishwa. Jiko, mchana. Barabara, siku ya gulio. Msaidizi, mmoja wa wale wanne, mwenye kovu shavuni. Ndoo aliigeuza kifudifudi. Hapo mpango wake ukawa unaonekana kwa macho, na mtu asingeweza kudai kwamba hajui anachotaka.

Siwema akazibeba picha hizo mpaka ofisini.

"Fomu imeshapigwa dole," afisa akasema.

"Dole la kushikiwa?" Siwema akauliza. "Bwana afisa, mimi nikikushika mkono nikakutia dole kwamba umeniachia nyumba yako, utahama lini?"

Akakaa kwenye benchi ya wageni siku tatu, akimsomea kila aingiaye ile kanuni ya herufi nzito, kwa sauti ya kuuzia uji. Siku ya nne Bwana Ndimbo akaifuta fomu na kuitisha kikao kipya.

Kabla ya kikao likaja gulio. Msaidizi mpya hajaanza, na hao watatu kila mmoja yuko kwenye shughuli zake. Mjomba Kibindo akaja, amenuna, akambebea mpwa wake mikeka, akamvusha barabara, akakaa kando yake juani. Akaja mteja, akamwinamia mzee. "Huu unaweza kushonwa mpana zaidi?" Mjomba akafungua mdomo ajibu, akaufunga. Akamtazama Zamoyoni, halafu akasema, "Muulize mwenyewe." Mteja akasimama, akangoja. Zamoyoni akasema, "Ndiyo." Basi, ni hilo tu, na mara moja tu. Zaidi ya mteja yule, hakuna mwingine aliyeliona.

Kikao kikafanyika. Afisa akaandika jiko, mchana, gulio, mwenye kovu, na ndoo hakuna. Ikabaki nafasi moja chini ya ukurasa, ya jina la mtu atakayeketi na Zamoyoni katika kila kikao, ambaye bila yeye kuwapo mpango haugeuzwi. Jina moja.

"Andika mimi," Bi Somoe akasema. "Nisingengoja, nani angejua anataka nini?"

"Ungejua wewe peke yako," Shekiondo akasema. "Bila picha zangu afisa angeona nini?"

"Angeziona wapi?" Siwema akasema. "Zingekuwa bado sakafuni. Mimi ndiye niliyeifutisha ile fomu."

Wakabishana mpaka birika likapoa. Watu wema, na kila mmoja alisema kweli, na Zamoyoni amekaa katikati yao wanarushiana maneno juu ya kichwa chake, vilevile kama kikao cha kwanza. Nawapenda hao watatu, lakini hapo walinichefua. Bi Somoe ndiye aliyeshtuka kwanza. Akaona haya. Akamimina chai. "Mwanangu, nani akae nawe?" Akangoja.

Zamoyoni akainuka na kikombe chake, akawapita wote watatu, akakiweka mbele ya mjomba wake, aliyekuwa amekaa kizingitini na mzigo wa miyaa aliomletea. "Mjomba," akasema.

"Huyo?" Siwema akasema. "Huyo huyo aliyekushika kidole? Hajaelewa swali. Muulize tena."

Bi Somoe akauliza tena. Kikombe hakikutoka pale. Shekiondo akamtandikia sura zao watatu. Ya mjomba hakuwahi kuipiga. Zamoyoni akamrudishia zote.

"Mimi sistahili," Mzee Kibindo akasema, macho chini. "Bwana Ndimbo, usimsikilize. Andika mmoja wa hawa."

Zamoyoni akamtazama, akanyoosha kiganja akakifunika kile kikombe: hapana, kwa maneno hayo ya mjomba. Halafu akaenda kwa afisa, akachovya dole lake mwenyewe kwenye wino, bila kushikwa na mtu, akaliinua, akangoja jina liandikwe.

Bwana Ndimbo kashika kalamu. Kuna aliyengoja, kuna aliyepiga picha, kuna aliyesema, na bila mmoja wao lisingekuwapo la kuandikwa. Kuna mzee aliyekosa mbele ya watu na kujirekebisha mara moja, pasipo shahidi ila mpwa wake na mteja mmoja wa gulioni. Ukiandika la mjomba, kesho akilishika tena lile dole, lawama ya nani? Ukiandika la mmoja wa watatu, umefanya nini ambacho mjomba hakukifanya siku ya kwanza?

Haya, toeni majibu mliyoyakalia. Je, wewe ungeamua vipi? Ila kabla hujafungua mdomo, mtazame: dole lake bado liko juu, na wino unakauka.